Kipilefti huamuliwa kabla ya mstari: kupishana kwenye mizunguko na makutano ya Dodoma

Gari lililo ndani ya mzunguko, likija kwako kutoka kulia, ndilo lenye njia. Kanuni ya kipilefti, yaani makutano ya mzunguko yenye kisiwa katikati, ni hiyo, na dereva yeyote wa Dodoma ukimwuliza, awe wa daladala, wa bajaji au wa shangingi la wizara, atakujibu bila kusita. Shida ni kwamba kanuni hiyo hutumika pale kwenye mstari wa kuingilia, ilhali makosa mengi huwa yameshafanyika mita 50 nyuma: dereva kakaa leni isiyo yake, mwendo bado ni wa barabara kuu, indiketa haijaguswa. Akifika mstarini hana la kuchagua. Atachomekea, au atakanyaga breki za ghafla na anayemfuata amgonge mgongoni.

Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia mbali na mstari, na yanakaa huko muda mrefu.

Mji wenyewe

Dodoma ni mahali barabara zinapokutana. Ya Morogoro inaingia kutoka mashariki, ya Iringa kutoka kusini, ya Arusha inashuka kutoka Kondoa, ya Singida inatokea magharibi. Semitrela zinazokwenda Rwanda, Burundi na Kongo zimezoea kupita humuhumu zinamopita Hiace za Sabasaba. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye kilometa 112.3, ilianza kujengwa ili kuzitoa katikati ya mji. Hata zikitoka zote, yapo mambo mengine ya hapa yanayobadilisha namna ya kuingia makutano: jua, vumbi na Bunge.

Barabara ya Morogoro imelala mashariki na magharibi. Anayekwenda Mji wa Serikali, Mtumba, asubuhi analitazama jua, na jioni akirudi mjini analitazama tena. Kioo chenye vumbi kikipigwa na jua la namna hiyo kinakuwa pazia. Kifute ndani na nje kabla ya kuondoka, na hakikisha maji ya waipa yapo. Kisha kumbuka upande wa pili wa jambo hilo, ambao wengi hawaufikirii: ukiona kivuli cha gari lako kimelala mbele yako, basi anayekuja kukukabili jua limempiga usoni, na huenda hakuoni kabisa. Hapo njia inaweza kuwa yako na bado usiitumie mpaka uone mwendo wake unashuka.

Vumbi lina madhara yake mvua za kwanza zinapodondoka, kwa kawaida Novemba au Desemba. Lami iliyokaa miezi sita bila maji imebeba vumbi, mafuta na mabaki ya matairi. Manyunyu ya dakika kumi yanaigeuza kuwa kama sakafu yenye sabuni. Mvua kubwa ikiosha, afadhali inarudi. Na Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, huleta madereva wengi wasioijua mizunguko ya hapa pamoja na misafara mingi. Katika miezi hiyo, usiseme "huyu lazima anajua anakokwenda".

Mita 200 kabla: amua unatokea wapi

Hesabu njia za kutokea kuanzia kushoto kwako. Ya kwanza kushoto ni moja, inayofuata ni mbili, na kuendelea, ukifuata mwelekeo wa mshale wa saa, maana sisi tunaendesha kushoto na kisiwa cha katikati kinabaki mkono wa kulia siku zote. Jina lenyewe kipilefti, kutoka Kiingereza "keep left", limetokana na kile kibao cha buluu chenye mshale mweupe kinachokuamuru ukipite kisiwa kwa kushoto. Hakikuambii ukae leni ya kushoto. Hilo ni jambo jingine, na kuchanganya hayo mawili ndiko kunakowapeleka watu leni ya kushoto wakati wanataka kukata kulia.

Usipojua unatokea wapi, usiamulie ndani. Zunguka. Kipilefti chenye upana wa mita 40 kutoka ukingo hadi ukingo kina mzunguko wa kama mita 125. Kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa unaumaliza kwa sekunde 18. Hakuna safari ya Dodoma isiyoweza kupoteza sekunde 18.

Mita 100 kabla: leni na indiketa

Ukitokea kushoto, njia ya kwanza: leni ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu hapo mpaka umetoka.

Ukienda moja kwa moja: leni ya kushoto, isipokuwa mishale iliyochorwa kwenye lami inakuelekeza vingine. Ingia bila indiketa. Ukishaipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa kushoto.

Ukikata kulia au kugeuza kurudi ulikotoka: leni ya kulia, indiketa ya kulia, na ndani ukae karibu na kisiwa. Ukishaipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, badilisha indiketa iwe kushoto, tazama kioo cha kushoto, geuza na shingo, ndipo usogee nje. Mpangilio huo usiugeuze. Wengi husogea kwanza, kisha indiketa inakuja kama taarifa ya msiba.

Kuna desturi moja imeenea nchini ya kuwasha hazadi, yaani indiketa zote mbili kwa pamoja, kumaanisha "nanyoosha". Iache. Aliye ubavuni mwako haoni pande zote mbili za gari lako. Wa kushoto anaiona taa ya kushoto peke yake, anaamini unakata kushoto, anasubiri au anakupita kwa kulia. Wa kulia anaiona ya kulia na anaelewa kinyume. Umewaambia watu wawili mambo mawili, na yote si kweli. Anayenyoosha haashirii chochote mpaka wakati wa kutoka.

Mita 50 kabla: mwendo

Ndani ya makazi mwendo wa mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, mita 14 zimekwisha. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita 14 nyingine. Jumla 28. Lami ikiwa na tope jembamba la mvua ya kwanza, hesabu mita 38 au zaidi. Kwa hiyo mita 50 ndipo mahali pa kuondoa mguu kwenye mafuta, na mita 30 uwe umeshaanza breki laini, taa za nyuma zimuonyeshe anayekufuata.

Gari la gia za mkono lifike mstarini likiwa gia ya pili, mwendo wa 15 hadi 20. La otomatiki halina ujanja mwingine ila kuondoa mguu mapema. Usifike kwa gia huru. Ukipata nafasi utapoteza sekunde nzima kutafuta gia, na nafasi yenyewe ni ya sekunde nne.

Tazama pia kivuko cha pundamilia, ambacho mara nyingi kipo kabla kidogo ya mstari. Mtu akishakanyaga kivuko, unasimama kabla ya kivuko, si juu yake. Na gari la leni ya pili likiwa limesimama hapo bila sababu unayoiona, sababu ipo: kuna mtu anavuka mbele yake, na huyo mtu atatokea mbele ya bampa lako. Kumpita aliyesimama kwenye pundamilia ni katika makosa ya kuua kabisa.

Kwenye mstari: angalia nini

Kibao cha pembetatu iliyosimama kichwa chini, na mstari wa vipande vipande barabarani, vinasema pisha. Havisemi simama. Kama kulia ni kweupe, unaingia bila kusimama. Anayesimama bila sababu huku njia ni nyeupe anamshangaza wa nyuma yake, na ajali nyingi za mstarini ni za nyuma kumgonga wa mbele. Chanzo chake hasa ni hiki: wa mbele anaanza kuondoka, wa nyuma anageuza macho kulia kutafuta nafasi yake mwenyewe na anakanyaga mafuta, kumbe wa mbele kasita na kusimama tena. Ukiwa wa pili, subiri wa mbele aingie kabisa, ndipo uanze kutazama kulia.

Nafasi ya kutosha ni ipi? Gari dogo likianza kutoka kusimama linahitaji kama sekunde nne kusogea mita 12, yaani kuingia na kukaa sawa na wengine. Aliye ndani akiwa anakuja kwa kilometa 30 kwa saa, katika sekunde nne amesafiri mita 33. Kwa hiyo akiwa chini ya mita 35 kutoka kwako, huna nafasi. Una bahati tu. Coaster iliyojaa inataka zaidi. Semitrela yenye mzigo inaweza kutaka sekunde tisa au kumi mpaka mkia uingie, na dereva wake akikaa mstarini muda mrefu usimpigie honi, anahesabu.

Hesabu hizo hazifanyiki kichwani kila siku, basi jitafutie alama. Simama pembeni kwa miguu kwenye kipilefti unachokitumia zaidi, mahali salama, uchague kitu kilicho upande wa kulia wa mdomo wako, yaani pale unapoingilia kipilefti: mti, kibao, nguzo ya taa. Gari likikipita kitu hicho, anza kuhesabu, "mia na moja, mia na mbili", mpaka lifike mbele ya mdomo wako. Kitu kinachokupa nne kamili ndiyo alama yako. Kuanzia hapo, aliyeshaipita alama mwache apite; akiwa bado hajaifikia, nafasi ya kuingia unayo. Dakika kumi za kusimama pale zinafundisha kuliko wiki ya kuendesha kwa kubahatisha.

Sasa lile lisiloonekana. Gari la usukani wa kulia lina nguzo ya kioo cha mbele karibu sana na jicho la dereva, na kwenye kipilefti tunatazama upande uleule wa nguzo. Nguzo yenye upana wa kiganja inaweza kuificha bodaboda nzima pamoja na abiria wake ikiwa mita 30 mbali. Mbaya zaidi, wewe ukiwa unasogea taratibu kuelekea mstari na yeye anasogea ndani ya mzunguko, nguzo inaweza kuendelea kumfunika hadi mwisho. Dereva anaapa kwamba alitazama, na ni kweli alitazama. Dawa ni kusogeza kichwa: inama mbele kidogo kuelekea usukani, rudi nyuma, tazama tena. Inachukua nusu sekunde. Tasbihi na midoli inayoning'inia kwenye kioo inaongeza upofu uleule; ihamishe.

Mstarini pana na kauli kadhaa zinazosikika kila siku ambazo hazina msingi. "Niko barabara kuu": kwenye kipilefti hakuna barabara kuu, anayetoka Morogoro na anayetoka mtaani wanapisha sawasawa. "Nimetangulia kuingiza bampa": bampa si hati miliki. "Nimempigia fulu": taa za mbele zikiwashwa na kuzimwa, mmoja anamaanisha pita, mwingine anamaanisha usithubutu, ninakuja; hakuna sheria inayompa mwenye kuwasha njia, wala anayewashiwa. Na konda akigonga bati na kusema "twende suka", yeye hatazami kulia, anatazama abiria.

Ikitokea magari yamefika kwenye midomo yote kwa pamoja, kila mmoja ana mtu kulia kwake na kila mmoja anatakiwa asubiri. Hapo atatoka mmoja kwa ishara ya mkono, polepole, na wengine watafuata. Kanuni zina mwisho wake.

Ndani ya mzunguko

Ukishaingia, wewe ndiye wa kulia. Endelea kwa mwendo wa 20 hadi 30, usibadilishe leni bila haja, na usimpite gari refu.

Usisimame kumpisha aliye mstarini. Hili linahitaji kukaziwa kwa sababu linafanywa kwa moyo mzuri. Dereva anamwona mama na bajaji yake amesubiri muda mrefu, anasimama ndani ya mzunguko na kumpungia mkono apite. Aliye nyuma yake hakutarajia, anamgonga. Aliye leni ya pembeni hakuona mkono, anaendelea, anamgonga mama. Na hata pasipotokea ajali, mzunguko wote nyuma umesimama. Kipilefti kinafanya kazi kwa sababu walio ndani hawasimami. Ukarimu wako uutumie ukiwa nje, kwenye mstari.

Kinyume chake, usiingie kama unakotokea kumejaa. Foleni ya barabara unayokwenda ikifika mdomoni mwa kipilefti, magari yanayoitaka barabara hiyo yanasimama ndani, yanawazibia wanaokwenda kwingine, ambao nao wanawazibia wale ambao wangeifungua ile foleni. Duara linajifunga kama nyoka aliyeuma mkia wake na hakuna honi inayolifungua. Chanzo mara nyingi ni kidogo: Hiace moja imeshusha abiria mita kumi baada ya kutoka kipilefti. Mwenye daladala, vuta hadi kituoni, au angalau upite urefu wa magari manne matano. Na wewe uliye mstarini, hata kama kulia ni kweupe, tazama mbele unakokwenda kwanza.

Wanaotanua, yaani wanaoiacha foleni na kupita pembeni kwenye vumbi ili wachomekee mbele, wanaongeza tatizo hilohilo: leni moja inageuka tatu mahali ambapo mdomo unapokea moja.

Kutoka

Ajali ya kutoka ina sura moja: dereva yuko leni ya ndani, anakumbuka njia yake ikiwa imeshafika, anakata kushoto moja kwa moja kupitia leni ya nje. Leni ya nje ina bodaboda. Kama hukuwahi kusogea nje mapema, pita, zunguka tena.

Ukitoka, pana kivuko kingine. Waenda kwa miguu wanaoanza kuvuka pale hawawezi kujua unatoka au unaendelea kuzunguka isipokuwa kwa indiketa yako. Ndiyo sababu ile ya kushoto ina maana hata kama nyuma yako hakuna gari.

Semitrela

Kichwa cha lori kinapokwenda kushoto, matairi ya nyuma ya tela hayafuati alama ya mbele; yanakata kona kwa ndani. Kwenye kipilefti hilo hutokea mara tatu. Likiingia, mkia unabana ukingo wa kushoto. Likizunguka, mkia unavutwa kulia kwenye kisiwa, na ndiyo kazi ya ule mkanda wa zege au mawe ulioinuka kidogo kuzunguka bustani: umejengwa ukanyagwe na tela, si gari dogo lipate njia ya mkato. Likitoka, mkia unabana kushoto tena.

Kwa hiyo ukiona lori limeacha nafasi kubwa kushoto kwake likisubiri mstarini, hiyo si nafasi ya bajaji. Ni nafasi ambayo tela litaipitia sekunde tano baadaye. Kaa nyuma, mahali unapoviona vioo vyake vya pembeni; usipoviona, dereva naye hakuoni. Lori likichukua leni zote mbili, liache lichukue.

Nje ya mji, kwenye barabara ya Singida au ya Iringa, kuna jambo la kuongeza. Madereva wa malori wana lugha yao ya indiketa: kulia humaanisha "usinipite, kuna gari mbele", kushoto humaanisha "njia nyeupe". Lugha hiyo ni ya msaada mpaka pale panapokuwa na makutano. Hapo indiketa ya kulia inaweza kuwa onyo au lori linakata kulia kweli, na ya kushoto inaweza kuwa ruhusa au linaingia sheli. Karibu na makutano usipite gari, basi; swali linakwisha. Na usiku, anayekuja mbele yako akiwa na indiketa ya kulia bila kupunguza mwendo mara nyingi anakuonyesha upana wa gari lake tu.

Bodaboda, bajaji, baiskeli

Kaa katikati ya leni yako ukiwa ndani ya mzunguko. Kujibanza ukingoni kunamwambia mwenye gari kwamba nafasi yenu wawili ipo, naye ataitumia. Usipenye kati ya gari na ukingo kwenye mdomo wa kutokea, maana gari lolote lililo kulia kwako linaweza kuwa linatoka. Bajaji ina matairi matatu na haipendi kona ya ghafla ikiwa na abiria watatu nyuma. Ingia na mwendo wa 15.

Mwenye gari, usiku taa moja mbele si lazima iwe pikipiki. Linaweza kuwa gari lililokufa taa ya upande, na huwezi kujua ni upande upi. Lihesabu kuwa gari pana mpaka likupite.

Trafiki, misafara na ving'ora

Askari akisimama katikati, taa, vibao na kanuni ya kulia vyote vinalala. Kiganja kikikutazama, simama; akikuvuta kwa mkono, pita, hata kama taa ni nyekundu. Asipokutazama wewe, usidhani alikuita.

Msafara ukija, pikipiki za mbele zitakusogeza kushoto. Sogea, simama. Kosa la kawaida ni kuondoka gari la mwisho likishapita, kumbe si la mwisho, au kuunga mkia msafara ili kuikwepa foleni. Subiri askari wa makutano aondoke katikati au akuite.

Gari la wagonjwa au la zimamoto likikukuta ndani ya kipilefti, usisimame humo. Endelea, toka kwenye mdomo wa karibu hata kama si wako, kisha simama kushoto. Likikukuta mstarini, baki mstarini.

Makutano ya T na kukata kulia

Kutoka mtaani kuingia barabara kuu kwa kukata kulia ni kazi mbili: kuvuka leni ya wanaotoka kulia, kisha kuungana na wanaotoka kushoto. Tazama kulia, kushoto, kulia tena. Inataka sekunde saba hivi kutoka kusimama. Anayekuja kwa 50 anamaliza mita 97 katika muda huo. Kwa 80, mita 155. Gari la mbali linalokuja kukukabili halionyeshi mwendo wake vizuri, hivyo usiposadiki umbali, mwache apite.

Mahali penye foleni isiyokatika, kata kushoto, nenda mpaka kipilefti kinachofuata, ugeuze. Ni haraka kuliko kusubiri, na ndiyo faida ya mji wenye vipilefti.

Ukiwa barabara kuu na unakata kulia kuingia mtaani: indiketa mapema, sogea karibu na mstari wa kati, simama. Anayekuja mbele yako, akinyoosha au akikata kushoto, ana njia. Wakati unasubiri, acha matairi ya mbele yakiwa yamenyooka. Ukiyakunja kabla, mtu akikugonga nyuma atakusukuma moja kwa moja kwenye leni ya wanaokuja. Yakiwa yamenyooka atakusukuma mbele tu. Njia ikifunguka, usikate kona kwa kulalia upande wa kulia wa mtaa, kuna anayetoka.

Kibao chekundu cha pembe nane ni kusimama kabisa, magurudumu yakome, hata saa tano usiku.

Penye taa, ya njano ni kusimama, isipokuwa umefika karibu kiasi kwamba breki zitakuwa hatari. Taa zikizima umeme ukikatika, kila upande usimame kwanza, kisha mpishane mmoja mmoja. Barabara pana haigeuki kuwa na haki zaidi kwa sababu TANESCO imekata.

Mitaa isiyo na kibao

CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa mwaka 1973 kuupanga mji huu na ikavunjwa 2017, na imetuachia mitaa mingi iliyonyooka na kukatana msalaba, mingi ikiwa bado ya vumbi, bila kibao wala mstari. Kuta zimejengwa hadi kwenye kona. Anayetoka vumbi kuingia lami anasubiri wa lami. Mitaa miwili ya vumbi inayolingana, mpishe wa kulia kwako, na usitegemee kwamba wa kushoto kwako anaijua kanuni hiyo. Fika kwenye kona kwa mwendo wa kutembea, fungua kioo, zima redio. Bodaboda utaisikia kabla ya kuiona. Kona hizo zina changarawe iliyoletwa na maji ya mvua juu ya lami: mwenye pikipiki amalize breki kabla ya kulala kona, kwa sababu tairi la mbele likikamatwa breki juu ya changarawe halirudi.

Pembezoni mwa mji, Ihumwa, Veyula na kwingineko, makutano mengine ni ya ng'ombe. Kundi likianza kuvuka, usilikate katikati kwa honi. Waliovuka watageuka kuwafuata waliobaki, na utakuwa na ng'ombe pande zote. Zima indiketa, subiri. Mchungaji mkubwa hutangulia au hukaa katikati. Kijana mdogo yuko nyuma kabisa na ndama mmoja aliyechelewa, na huyo ndama huvuka wakati madereva wameshaingiza gia.